Magadi, meno yetu na protoni isiyotulia

Nimekuwa kimya kwa sababu gazeti lilinituma Manyara, na huko nikakutana na jambo ambalo haliwezi kuenea kwenye ile nafasi finyu ninayopewa na mhariri. Basi nalimwaga hapa kibarazani. Mwenye muda asome, mwenye haraka aendelee na safari yake.

Jambo lenyewe ni magadi. Ndiyo, haya haya ya kwenye maharage.

Getanuwas ni kata ya wilaya ya Hanang, katika ule ukanda wa Hanang na Mbulu wanakoishi Wadatoga (wengi mnawaita Wabarabaig, ingawa hao ni tawi lao moja tu) na Wairaqw. Watu wengi wa mjini walilisikia jina la Hanang tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yalipoporomoka kutoka mlimani na kuukumba mji wa Katesh. Lakini mlima huo una mambo mengine ya zamani zaidi. Ni volkano iliyolala, ya kusini kabisa katika kundi la volkano kubwa za Bonde la Ufa la kaskazini mwa Tanzania, na miamba ya volkano hizi ina sodiamu nyingi, ina kaboneti, na ina floraidi. Mvua huviosha vitu hivyo na kuvipeleka bondeni, kwenye maziwa yasiyo na mto wa kuyatoa maji nje, kama Balangida iliyo chini ya ukuta wa bonde. Kiangazi maji yanapungua na ukoko mweupe unabaki. Wafugaji hupeleka ng'ombe kulamba, na watu huchota chumvi.

Mama mmoja nilimkuta anapika kande. Akachukua kipande cha magadi, akakivunja kwa jiwe, akaloweka kwenye kikombe cha maji, akaacha mchanga utuame, halafu akamimina yale maji ya juu sufuriani. Nikamuuliza yanafanya kazi gani.

"Yanalainisha, mwanangu. Na ukitia kwenye mboga, haipotezi ukijani."

Kwa nini?

"Sasa hilo si ndiyo mlilokwenda kusomea?"

Hapo akawa amenipata. Digrii ninayo, kemia nilisoma mpaka kidato cha nne, na shule niliyosoma (sitaitaja) ilitufundisha asidi na besi ubaoni tangu mwanzo hadi mwisho. Tuliambiwa asidi ni haidrokloriki, besi ni sodiamu haidroksaidi, zote mbili ziko kwenye chupa ambazo tungezitumia maabara ikikamilika. Maabara haikukamilika mpaka tunaondoka. Na siku zote hizo mpishi wa shule alikuwa anatia magadi kwenye maharage yetu, hatua mia moja kutoka darasani, wala hakuna aliyefungua mdomo kusema kwamba ile ndiyo besi yenyewe.

Nimejaribu kufuatilia habari hii ilivyoanza, na nimegundua kwamba hata wakubwa wa kemia huko Ulaya walisumbuka nayo kwa zaidi ya karne moja. Mfaransa Antoine Lavoisier, mwishoni mwa karne ya 18, aliamini kinachoifanya asidi iwe asidi ni oksijeni. Alikuwa na uhakika kiasi kwamba jina lenyewe oksijeni alilitunga kutoka Kigiriki kwa maana ya kitu kinachozaa asidi. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kuwa ile asidi tunayoiita haidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Jina likabaki, hoja ikaanguka. Lavoisier hakuwepo kujitetea, alikuwa ameshakatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa (kwa mambo ya kodi, si ya kemia).

Kisha akaja Msweden Svante Arrhenius. Mwaka 1884 alipeleka tasnifu yake Uppsala akidai kwamba chumvi ikiyeyuka majini inagawanyika vipande vyenye chaji ya umeme. Walimu wake wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na msingi wa kazi iliyompa ni huo huo uliompa alama mbaya. Kutokana na Arrhenius tukapata ile fasili tuliyokariri sote: asidi ni kitu kinachotoa ioni za haidrojeni majini, besi ni kitu kinachotoa ioni za haidroksaidi.

Ni fasili nzuri, lakini ipeleke Getanuwas. Magadi ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti, sodiamu baikaboneti na maji yaliyonaswa ndani ya jiwe. Ukiandika fomula yake huioni haidroksaidi popote. Hata hivyo yatie kwenye maji, yashike kwa vidole, utahisi utelezi kama wa sabuni. Litimasi nyekundu inageuka bluu. Ni besi, tena besi ya haja. Hiyo haidroksaidi imetoka wapi?

Jibu lilikuja mwaka 1923, na lilitoka kwa watu wawili ambao hawakushirikiana: Johannes Brønsted kule Copenhagen na Thomas Lowry kule Cambridge. Kila mmoja aliandika kivyake mwaka huo huo. Walichosema ni kifupi mno. Chukua atomu ya haidrojeni ambayo ina protoni moja na elektroni moja. Inyang'anye elektroni. Kinachobaki ni protoni tupu (neno lenyewe protoni lilikuwa bado jipya, Rutherford alikuwa amelipendekeza miaka michache tu nyuma). Sasa, asidi ni yule anayetoa protoni na besi ni yule anayeipokea. Basi.

Ukiangalia haraka unaweza kusema hakuna jipya hapo. Lakini tazama kilichobadilika. Kwa Arrhenius, uasidi ni mali ya kitu, kama vile urefu wa mtu. Kwa Brønsted na Lowry ni tendo kati ya wawili. Protoni haikai peke yake kwenye maji, ni lazima iwe kwa mtu, kwa hiyo hakuna anayetoa bila kuwepo anayepokea. Na aliyekwisha kutoa anabaki na nafasi, kwa hiyo kesho anaweza kuwa mpokeaji. Ni kama upatu wa mtaani ambao fedha ni moja na inazunguka tu, leo kwako kesho kwa jirani. Maji ndiyo mwanachama anayejua kucheza pande zote: mbele ya asidi kali yanapokea, mbele ya magadi yanatoa.

Na hapo ndipo fumbo la magadi linapofunguka. Kaboneti ikiingia majini inachukua protoni kutoka kwenye maji. Inakuwa baikaboneti. Yale maji yaliyonyang'anywa protoni yanabaki kuwa haidroksaidi. Kwa hiyo haidroksaidi haikuja na magadi, ilitengenezwa palepale kwenye kikombe cha yule mama, wakati anasubiri mchanga utuame.

Turudi kwenye sufuria. Maharage na mahindi yana kitu kinachoitwa pektini, gundi inayoshikamanisha seli, na gundi hiyo imekazwa na kalsiamu. Kaboneti inaidaka kalsiamu, sodiamu inachukua nafasi yake, na maji yenye kiu ya protoni yanazing'oa kutoka kwenye mnyororo wa pektini mpaka unakatika. Kande linaiva mapema, kuni zinapona. Kwenye mboga habari ni nyingine. Ukijani wa jani umejengwa kuzunguka atomu moja ya magnesiamu. Jani likichemka linaachia asidi zake lenyewe, protoni mbili zinaingia na kuisukuma nje ile magnesiamu, na mboga inageuka rangi ya kaki. Magadi yanazipokea hizo protoni kabla hazijafika. Ndiyo maana mlenda wa Singida unabaki kijani. Gharama ipo: vitamini B1 na C haziyapendi maji ya namna hiyo, zinaharibika. Mama wa Getanuwas hakutaja hilo, lakini kiini cha matumizi alikuwa nacho chote.

Mzee aliyekuwa amekaa pembeni yetu alikuwa na kopo la ugoro, naye alitia magadi kwenye tumbaku yake. Mwanzo nilidhani ni kwa ajili ya ukali tu wa puani. Kumbe nikotini ikiwa imebeba protoni ina chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hupita kwa shida sana kwenye ngozi laini ya pua au fizi, kwa kuwa kuta za seli ni za mafuta. Magadi yanamnyang'anya nikotini protoni yake, anabaki hana chaji, anapenya. Mzee anapata stimu kwa tumbaku kidogo. Naomba mlishike hili la kupita na kutopita mlangoni, maana litarudi likiwa na sura mbaya.

Kabla ya hapo niwapeleke Kenya kidogo, kwenye ziwa linaloitwa Magadi, kusini mwa Nairobi. Waingereza waliliona kama ghala la soda ya kutengenezea vioo na sabuni. Magadi Soda Company iliundwa mwaka 1911, reli ikachepushwa kutoka Konza hadi ziwani, Wamasai wakabaki wanatazama mabehewa. Mwaka 1924 Brunner Mond ya Uingereza wakaichukua, na tangu miaka ya 2000 iko mikononi mwa Tata ya India. (Hao hao ndio waliotaka kujenga kiwanda Ziwa Natron upande wetu, ukazuka ule ubishi mkubwa wa flamingo, wakajiondoa mwaka 2008. Hiyo ni mada ya siku nyingine.) Mimi kilichonivuta Ziwa Magadi ni samaki.

Kwenye chemchemi za moto pembeni mwa ziwa hilo wanaishi perege wadogo sana, katika maji yenye pH ya karibu 10. Samaki wengi wa maji baridi hutoa uchafu wa mwili kwa njia ya amonia kupitia mashavuni. Amonia haina chaji, inapenya kutoka, na ikifika nje inapokea protoni kutoka kwenye maji, inapata chaji, hairudi tena. Ni mlango wa njia moja. Lakini katika maji ya magadi hakuna protoni za kugawa. Amonia ikitoka inabaki amonia, na inaweza kurudi ndani na kumuua samaki. Mwaka 1989 kundi la watafiti, akiwemo Mkenya Geoffrey Maloiy, lilichapisha katika jarida la Nature kwamba perege hawa wameachana kabisa na njia hiyo. Wanatengeneza urea, kama sisi kwenye mkojo wetu. Fikiria, samaki amebadili utaratibu wa mwili mzima kwa kukosa protoni tu upande wa pili wa shavu.

Sasa sura mbaya niliyoahidi.

Mimi nimekulia Babati. Meno yangu mawili ya mbele yana michirizi ya kahawia, na aliyekulia Arusha, Manyara au Singida anajua ninachosema. Mwaka wa kwanza chuoni Dar es Salaam, binti mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nilianza kuvuta sigara tangu chekechea. Nilicheka, lakini kwa miaka kadhaa baada ya hapo nilicheka mdomo ukiwa umefungwa, na kwenye picha za mahafali yangu huoni jino hata moja. Wenzetu wa pwani wanadhani hatupigi mswaki. Tunapiga. Ni floraidi.

Jino limejengwa kwa madini ya kalsiamu, fosfeti na haidroksaidi. Vijidudu vya mdomoni vikila sukari vinatoa asidi, na asidi, kama tulivyokwisha kusema, inagawa protoni. Fosfeti na haidroksaidi za jino ni wapokeaji wazuri, zinazichukua, na jiwe linamomonyoka. Hilo ndilo tundu la jino. Floraidi kidogo inaingia mahali pa haidroksaidi, na kwa kuwa haina uroho wa protoni kama haidroksaidi, jino linakuwa gumu kumomonyolewa. Ndiyo sababu inatiwa kwenye dawa ya meno. Lakini ikizidi wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi, gamba la nje halikomai vizuri, linabaki na vitundu vidogo ambavyo baadaye vinanyonya rangi. Na jino linajengwa utotoni, takriban mpaka miaka minane ukiacha yale magego ya mwisho. Mtu mzima anayehamia Hanang leo meno yake hayatageuka rangi, hata akinywa maji hayo miaka 20. Michirizi yangu mimi ni kumbukumbu ya maji niliyokunywa kabla sijamaliza darasa la pili.

Inaingiaje mwilini? Hapa ndipo mlango unaporudi. Floraidi kwenye maji ina chaji, kwa hiyo kwenye ukuta wa tumbo ingepita kwa shida. Lakini tumbo lina asidi kali. Inampa floraidi protoni moja, anakuwa haidrojeni floraidi, hana chaji tena, anapenya kwenda kwenye damu. Kule ndani hakuna asidi ya kutosha, protoni inamtoka, anakuwa floraidi tena na kwenda zake kwenye mifupa na meno. Ni ule ule mchezo wa ugoro wa mzee, ila umegeuzwa: nikotini anapita kwa kunyang'anywa protoni, floraidi anapita kwa kupewa.

Ingekuwa ni meno tu ningesema tuvumilie, wazuri tupo tu. Lakini ikizidi sana na kwa muda mrefu inakwenda kwenye mifupa. Huko Arumeru wapo watu waliopinda miguu tangu wadogo. Kuchemsha maji hakusaidii, kunaongeza, maana maji yanapungua na floraidi inabaki. Na yale magadi yetu yanahusika kwa njia mbili. Kwanza, maji yenye sodiamu kaboneti nyingi huwa na kalsiamu kidogo, kwa sababu kaboneti inaizamisha, na kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floraidi ikatuama chini. Pili, magadi yenyewe yanaweza kuwa na floraidi. Watafiti waliopima magadi ya kaskazini walikuta tofauti kubwa sana: kwa kawaida mawe masafi yenye fuwele yana kidogo, na ule unga unaokwanguliwa juu ya ardhi una nyingi. Kwa hiyo swali la msingi jikoni ni magadi gani, na nani anakula. Kande la watu wazima ni jambo moja, mboga ya mtoto wa miaka miwili ni jambo lingine.

Serikali imekuwa ikilijua hili muda mrefu. Mwaka 1974 kiwango cha muda cha floraidi katika maji ya kunywa kiliwekwa miligramu 8 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Sikiliza, sisemi waliokiweka walikuwa watu wabaya. Wangeweka 1.5 wangefunga visima vingi vya kaskazini na watu wangerudi kunywa madimbwi yenye kipindupindu. Baadaye kikashuka hadi 4, na sasa hivi kwenye karatasi tuko 1.5. Kwenye bomba ni hadithi nyingine.

Dawa yake mojawapo inatengenezwa hapa hapa nchini, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, wanachoma mifupa ya ng'ombe kwa joto kali bila hewa nyingi, wanaisaga chengachenga, na kupitisha maji katikati yake. Mfupa ni madini yale yale ya jino. Floraidi inashikwa na mfupa wa ng'ombe badala ya kwenda kuutafuta wa mtoto. Chenga zikishiba zinabadilishwa. Na Hanang, jamani, kama kuna kitu ambacho hakijawahi kupungua ni mifupa ya ng'ombe.

Nilimweleza yule mama haya yote, kwa kifupi na bila maneno ya protoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapakua kande, halafu akaniuliza kisima wanachochota wao kina kiasi gani. Sikuwa na jibu. Nimeandika barua kuomba matokeo ya vipimo vya visima vya kata hiyo, na nimepewa nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nikijibiwa nitaziweka namba hapa, kisima kwa kisima.